Tokeni, Leja na Imani ya Mlaji: Nani Huandika Mstari wa Kwanza?

Kila ununuzi, hata wa kilo moja ya unga, hufungwa kwa imani ambayo mlaji hana muda wala nyenzo za kuihakiki: kwamba mizani imekaguliwa, kwamba dawa iliyo ndani ya pakiti ndiyo iliyoandikwa juu yake, kwamba noti ni halali, na kwamba fedha iliyotumwa kwa simu imemfikia aliyekusudiwa. Imani hiyo imezoeleka kusimamiwa na watu na taasisi zinazojulikana zilipo, yaani muuzaji mwenye jina mtaani, benki, shirika la viwango, na mahakama pale mambo yanapoharibika. Katika miaka ya karibuni imeibuka hoja kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo inaweza kukabidhiwa aina mpya ya daftari la kompyuta liitwalo blokcheni, au mnyororo wa vitalu, pamoja na tokeni, yaani alama za kidijitali zinazowakilisha thamani au haki fulani ndani ya daftari hilo. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imezidishwa. Ikikaguliwa kwa kupitia mambo ambayo mnunuzi wa kawaida hukutana nayo, kama vile umeme, chakula, mazao ghalani na fedha kutoka ng'ambo, huonekana kwamba teknolojia hii huihamisha imani bila kuiondoa: huitoa kwa mtunza daftari na kuipeleka kwa yule anayeandika mstari wa kwanza wa kumbukumbu, na kwa yule atakayewajibika hasara ikitokea.

Blokcheni ni leja, yaani daftari la kumbukumbu za miamala, ambayo nakala zake hutunzwa kwa wakati mmoja na kompyuta nyingi zisizo chini ya mwenye mamlaka mmoja. Miamala hukusanywa katika mafungu yaitwayo vitalu, na kila kitalu hubeba hashi ya kitalu kilichokitangulia. Hashi ni mfuatano wa herufi na tarakimu unaopatikana kwa kuyakokotoa maudhui yote ya waraka kwa kanuni maalumu, na nukta moja tu ikibadilishwa ndani ya waraka, hashi yake hugeuka kabisa. Kwa hiyo anayetaka kughushi muamala wa zamani hulazimika kuvikokotoa upya vitalu vyote vilivyofuata, tena mbele ya macho ya wenye nakala nyingine. Wazo hili ni kongwe kuliko sarafu zilizolipatia umaarufu. Stuart Haber na W. Scott Stornetta walilieleza mwaka 1991 walipokuwa wakitafuta njia ya kuthibitisha tarehe ya waraka wa kompyuta, na kuanzia mwaka 1995 kampuni waliyoianzisha ilikuwa ikichapisha hashi kila wiki katika gazeti la New York Times, kwenye safu ya matangazo madogo madogo pamoja na taarifa za vitu vilivyopotea. Gazeti lilichaguliwa kwa sababu nakala zake zilikwishatawanyika mikononi mwa watu wengi mno kiasi kwamba hakuna ambaye angeweza kuzikusanya zote ili abadilishe mstari mmoja. Aliyejiita Satoshi Nakamoto, ambaye utambulisho wake haujathibitishwa hadi leo, alitoa waraka wa sarafu ya kidijitali ya Bitcoin tarehe 31 Oktoba 2008, majuma sita baada ya benki ya Lehman Brothers kuanguka, na mtandao wake ukaanza kufanya kazi Januari 2009. Mazingira ya kuzaliwa kwake yanaeleza mengi kuhusu madai yake ya kwamba mtu anaweza kulipa na kulipwa bila kuiamini benki yoyote.

Upande wa tokeni, walaji wa Afrika Mashariki si wageni kama inavyodhaniwa. Mteja wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, anayenunua umeme wa malipo ya kabla uitwao LUKU, sawa na mwenzake wa Kenya Power, hupokea tarakimu 20 ambazo huziingiza katika mita kwa kidole, na mita ikazikubali au ikazikataa papo hapo bila kuwasiliana na mtandao wowote. Hilo huwezekana kwa sababu tarakimu hizo hazikubahatishwa: ndani yake kuna kiasi cha yuniti na alama ya muda, vilivyofumbwa kwa ufunguo wa siri unaoihusu mita ile peke yake, na mita hukumbuka alama za muda ilizokwishapokea ili tokeni ileile isiingizwe mara ya pili. Muda huo huhesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na kwa kuwa nafasi ya kuuhifadhi ina kikomo, hesabu ilifika ukingoni tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo sababu kabla ya tarehe hiyo wateja walipewa makundi ya ziada ya tarakimu 20 ya kubadili ufunguo, na waliochelewa walikabiliwa na mita isiyokubali tokeni mpya. Mamilioni ya watu hutegemea fumbo hili la hisabati kila juma bila kujua jina lake wala kutaka kulijua. Wanachokijua ni kwamba tokeni ikigoma kuna ofisi ya kwenda na namba ya kupiga, na ofisi hiyo ina wajibu wa kujibu.

Tofauti kati ya tokeni ya umeme na tokeni ya blokcheni iko kwa mpokeaji. Tokeni ya umeme inakubaliwa na mita moja tu, hivyo mita hiyo inatosha kuzuia isitumike mara mbili. Tokeni inayoweza kupokewa na mtu yeyote popote duniani haina mita ya kuilinda, kwani faili ya kompyuta hunakiliwa bila gharama na mwenye nayo anaweza kujaribu kumlipa muuzaji wa kwanza na wa pili kwa sarafu ileile. Kabla ya mwaka 2009 tatizo hilo lilitatuliwa kwa kuweka mtunza daftari mmoja katikati. Bitcoin ilionyesha kwamba kompyuta zisizoaminiana zinaweza kukubaliana ni muamala upi uliotangulia, kwa gharama ya umeme mwingi na kwa mwendo wa pole wa kitalu kimoja kila baada ya dakika kama kumi. Ethereum, blokcheni nyingine iliyoanza mwaka 2015, iliongeza uwezo wa kuandika ndani ya leja mikataba inayojitekeleza, yaani programu inayohamisha tokeni yenyewe masharti yakitimia. Hatua hizi ni kubwa kisayansi. Swali linalobaki ni kama tatizo lililotatuliwa ndilo linalomkosesha mlaji usingizi. Na kwa mnunuzi wa mchele, mafuta ya kula au dawa ya malaria, kutumika mara mbili kwa sarafu hakumo katika orodha ya hofu zake.

Hofu yake kubwa ni bidhaa yenyewe, na huko ndiko makampuni makubwa yalikoelekeza majaribio ya mwanzo. Mwaka 2014 kampuni ya usafirishaji ya Maersk ilifuatilia kontena la maua na maparachichi kutoka Kenya hadi Uholanzi, ikabaini kwamba safari hiyo moja ilipita mikononi mwa wahusika karibu 30 na kuhitaji mawasiliano zaidi ya 200, mengi yakiwa ya karatasi zenye mihuri. Kontena lililo tayari kupakiwa liliweza kukwama bandarini kwa sababu ya fomu moja iliyopotea. Kutokana na uchunguzi huo, Maersk na IBM walijenga leja ya pamoja iliyoitwa TradeLens, ambayo ilizinduliwa mwaka 2018 ikiwa na nia ya kuwaonyesha forodha, bandari, wenye meli na wenye mzigo kumbukumbu ileile kwa wakati uleule. Novemba 2022 wamiliki walitangaza kuifunga, na sababu waliyoitoa ni kwamba ushirikiano kamili wa sekta nzima haukupatikana. Washindani wa Maersk walikuwa na wasiwasi wa kuweka siri za biashara zao katika mfumo uliojengwa na Maersk, hata kama hisabati yake ilikuwa safi. Daftari lilikuwa la wengi, lakini aliyelijenga alikuwa mmoja wao, na hilo lilitosha kuwatia shaka.

Jaribio la Walmart lilikwenda vizuri zaidi, na sababu yake inafundisha. Kampuni hiyo ya Marekani ilipotaka kujua pakiti ya maembe yaliyokatwa ilitoka shamba gani, wafanyakazi wake walitumia karibu siku saba kuipata habari hiyo kwa njia za kawaida. Kwa leja iliyojengwa na IBM habari ileile ilipatikana kwa sekunde 2.2. Kwa mlaji faida yake ni dhahiri, kwani mboga zikigundulika kuwa na vijidudu, shehena ya shamba moja huondolewa sokoni badala ya nchi nzima kutupa mboga zake. Hata hivyo, kasi hiyo haikuletwa na mnyororo wa vitalu peke yake. Ililetwa pia na uwezo wa Walmart wa kuwaamuru wauzaji wake waingize kumbukumbu zao katika mfumo mmoja, na asiyetaka akakosa soko. Hifadhidata ya kawaida, ambayo ni mkusanyiko wa taarifa unaosimamiwa na mwenyewe mmoja, ingeweza kutoa jibu hilohilo kwa kasi ileile, mradi kila mtu aandike. Kilichokosekana katika biashara ya chakula kwa miaka mingi ni nidhamu ya kuandika, na blokcheni ilikuwa kisingizio kizuri cha kuidai.

Kuandika, nako, kuna mwandishi. Leja isiyofutika hulinda kilichoandikwa bila kujali kama kilikuwa kweli kilipoandikwa, na uongo ulioingizwa asubuhi hulindwa kwa uaminifu uleule hadi jioni. Mfano ulio karibu ni lumbesa, ile desturi ya kushindilia viazi au vitunguu hadi gunia linafungwa kwa kichwa cha kamba juu ya mdomo wake, kisha likauzwa na mkulima kwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo ya Tanzania inaweka kikomo cha kilo 100, lakini shambani mara nyingi hakuna mizani, na mnunuzi hufika na magunia yake mwenyewe. Mfumo wa kisasa ukiwekwa juu ya biashara hiyo utaandika kwa usahihi usiotikisika kwamba gunia moja lilihama kutoka kwa mkulima kwenda kwa dalali, na kumbukumbu hiyo itakuwa halali kwa hashi na batili kwa haki. Kinachohitajika hapo ni mizani iliyopigwa muhuri na ofisa anayefika kijijini msimu wa mavuno, kwani kompyuta haiwezi kuona kilicho ndani ya gunia hadi mtu au kifaa kiiambie.

Madini ya eneo la Maziwa Makuu yanaonyesha jambo hilohilo kwa uzito mkubwa zaidi. Mwaka 2018 kampuni ya Circulor ilianza kufuatilia kwa blokcheni tantalamu ya Rwanda, madini yanayoingia katika vifaa vya simu, na mwaka uliofuata muungano uliowahusisha Ford, IBM, LG Chem na Huayou Cobalt ulitangaza mradi wa kufuatilia kobalti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi inayotoa sehemu kubwa ya kobalti yote duniani. Mnunuzi wa gari la umeme huko Ulaya huahidiwa kwamba betri yake haikupita mikononi mwa watoto wachimbaji. Lakini mlango wa kuingilia katika leja yoyote ya aina hiyo ni kibandiko kinachofungwa kwenye gunia karibu na shimo, na mwaka 2022 shirika la Global Witness lilidai kwamba vibandiko vya mfumo mkuu wa kuhakiki madini ya eneo hilo, uitwao ITSCI, vilikuwa vikifungwa kwenye madini yaliyotoka machimbo mengine. Wasimamizi wa mfumo huo waliyakana madai hayo. Yeyote aliye na haki katika mzozo huo, mahali penyewe pa mzozo panatosha kueleza: hakuna aliyebishania hisabati, kila mmoja alibishania kilichotokea kati ya shimo na kibandiko.

Kuhusu bidhaa bandia, uzoefu wa Afrika umetangulia blokcheni na pengine umeipita kwa manufaa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja ya tiba kati ya kumi ama ni duni ama ni ya kughushi. Miaka kama kumi kabla ya makadirio hayo, Bright Simons wa Ghana na wenzake walikuwa wamekwishaanzisha mPedigree, mfumo ambao mgonjwa hukwangua lebo kwenye pakiti ya dawa, hutuma namba anayoikuta kwa ujumbe mfupi na kujibiwa kama dawa ni halali. Namba iliyokwishatumika haikubaliki tena, hivyo mwizi akinakili lebo atafichuliwa na mnunuzi wa pili. Mbegu nchini Kenya na stempu za kielektroniki za kodi katika nchi kadhaa hutumia kanuni inayofanana. Mifumo hii ina mwenyewe mmoja, ni rahisi na inafanya kazi kwenye simu ya kitochi. Udhaifu wake hautokani na leja bali na hatua inayofuata, kwani mnunuzi aliyejibiwa kwamba dawa ni bandia akiwa kaunta, usiku, mgonjwa akimsubiri nyumbani, anahitaji kurudishiwa fedha na kuelekezwa duka jingine, na hayo hayatoki kwenye namba iliyokwanguliwa.

Pana uwanja mmoja ambapo tokeni ingeweza kuleta mabadiliko ya maana, nao ni ule wa hati zinazowakilisha mali. Tanzania ina mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005 na kuanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008. Mkulima hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi, zikapimwa, zikapangwa kwa daraja, zikaingia ghala kuu, na stakabadhi ikatolewa. Karatasi hiyo ndiyo inayopelekwa mnadani, na inaweza kuwekwa rehani benki wakati mzigo wenyewe haujatikisika. Kwa maneno mengine stakabadhi ni tokeni ya karatasi, yenye maradhi yote ya tokeni: inaweza kughushiwa, inaweza kuwekwa rehani katika benki mbili, na thamani yake yote inategemea kama korosho zipo ghalani kweli. Leja ya pamoja kati ya maghala, benki na vyama vya msingi ingeweza kuziba mwanya wa rehani mbili, kwa kuwa taasisi hizo hazina mkubwa mmoja ambaye zote zinamwamini, na hapo ndipo blokcheni inapostahili kufikiriwa. Malalamiko ya wakulima wenyewe, hata hivyo, yamekuwa juu ya kucheleweshwa kwa malipo, makato yasiyoelezwa na unyaufu, yaani upungufu wa uzito unaosemwa kutokea mzigo ukiwa ghalani. Mkataba unaojitekeleza ungeweza kulipa siku ileile ya mnada kama fedha ya mnunuzi ingewekwa mapema ndani yake. Unyaufu ungebaki vilevile, kwa kuwa anayeutangaza ni mtu aliyesimama mbele ya mizani.

Mjadala wa fedha ndio wenye kelele nyingi zaidi, na ni vema uanzie kwenye kile kinachoaminiwa tayari. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007 ikiwa kinyume kabisa cha blokcheni, kwa maana kwamba daftari lake linatunzwa na kampuni moja na fedha za wateja hukaa katika akaunti za dhamana kwenye benki. Mfumo huo unaaminiwa kwa sababu zinazoonekana kwa macho: wakala ana kibanda na jina, ujumbe wa kuthibitisha huingia kabla mtu hajaondoka, jina la mpokeaji huonyeshwa kabla muamala haujakamilika, na aliyekosea namba anaweza kuomba fedha irudishwe kwa kuupeleka ujumbe wa muamala kwa namba 456. Katika blokcheni ya wazi hilo la mwisho halipo. Muamala ukithibitishwa haurudi, anwani ya mpokeaji ni mfuatano mrefu wa herufi usio na jina la mtu, na hakuna wa kupigiwa simu. Wabunifu wa Bitcoin waliliona jambo hilo kuwa sifa, kwa kuwa muuzaji analindwa dhidi ya mnunuzi anayedai fedha yake irudi kwa hila. Mlaji wa Kariakoo au Kongowea, ambaye hofu yake ni kutapeliwa na muuzaji, huona sifa hiyo kuwa tishio.

Mahali ambapo tokeni za fedha zimeanza kupata watumiaji wa kweli ni katika kutuma fedha kuvuka mipaka. Takwimu za Benki ya Dunia zimekuwa zikionyesha kwamba kutuma dola 200 kwenda nchi za Afrika kusini mwa Sahara hugharimu takriban asilimia 8, ilhali lengo la dunia la mwaka 2030 ni asilimia 3. Kwa mfanyakazi wa ndani aliyeko Muscat au Riyadh anayetuma nyumbani kila mwezi, tofauti hiyo ni ada ya shule. Sarafu tulivu, yaani tokeni ambazo mtoaji wake huahidi kuzibadilisha kwa dola moja kila moja, hupita kwa dakika chache na kwa gharama ndogo katika sehemu ya katikati ya safari. Ncha mbili za safari hubaki pale pale: aliyetuma ameshika riyali na anayepokea anataka shilingi, na katika kila ncha kuna mtu wa kubadilisha, mwenye bei yake na tabia yake. Vilevile ahadi ya dola moja ni ahadi ya mtu. Kampuni ya Tether, mtoaji mkubwa kuliko wote, ilikubali mwaka 2021 kulipa dola milioni 18.5 kumaliza shauri la mwanasheria mkuu wa New York lililohusu ukweli wa akiba yake, bila kukiri kosa. TerraUSD, iliyotegemea kanuni ya programu badala ya akiba ya dola, iliporomoka Mei 2022 na kuondoka na thamani ya takriban dola bilioni 40 pamoja na sarafu mwenza wake, ndani ya siku chache.

Matukio hayo yana jambo moja, yaani ahadi isiyokaguliwa, linalofanana na kuanguka kwa soko la sarafu za kidijitali la FTX Novemba mwaka huohuo, ambapo mabilioni ya dola ya wateja hayakuonekana na mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, akahukumiwa kifungo cha miaka 25 Machi 2024. Blokcheni ambazo FTX ilizitumia ziliendelea kufanya kazi bila hitilafu hata siku ya kufilisika. Wateja walikuwa wameweka tokeni zao kwa kampuni, na kampuni ilikuwa na daftari lake la ndani, la kawaida kabisa, lisiloonekana na yeyote. Watu waliokimbia benki walijikuta wameunda benki nyingine isiyo na bima ya amana wala mkaguzi. OneCoin, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Ruja Ignatova na kuenea hadi vijijini Uganda, ilikwenda mbali zaidi: iliuza sarafu ambayo haikuwa na blokcheni hata kidogo, na kwa miaka kadhaa wanunuzi hawakutambua, kwa kuwa tarakimu zilizopanda kwenye skrini ya simu zilitosha kuwaridhisha. Ujanja wake ulikuwa uleule wa upatu wa DECI ulioporomoka Tanzania mwaka 2009, yaani kumlipa wa mwanzo kwa fedha ya aliyefuata. Uwazi ambao hakuna anayeweza kuusoma haumlindi mtu, na walaji wengi hawatasoma leja, kama ambavyo hawasomi mizania ya benki. Wanamtegemea anayesoma kwa niaba yao.

Badala ya kumwachia mtu mwingine, mlaji anaweza kuushika mwenyewe ufunguo wa siri wa tokeni zake, ambao ni mfuatano wa maneno au tarakimu unaompa mwenye nao mamlaka kamili. Akiupoteza, mali imekwenda na hakuna ofisi ya kuirejesha. Akifa bila kuuacha, warithi hawana pa kushitaki. Wabunifu wamepunguza ukali huo kwa funguo za ushirika, ambapo muamala hautoki hadi watu wawili kati ya watatu waridhie, na hapo wamelifikia sanduku la VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, lenye kufuli tatu na washika funguo watatu, lisilofunguliwa ila mbele ya kikao. Kufanana huko kuna mipaka yake, kwani sanduku la kikundi hulindwa pia na aibu ya kukutana na wenzako kisimani kesho yake, jambo ambalo halina nafasi katika programu.

Aibu hiyo na ujirani ndivyo vilivyobeba jaribio la tokeni lililo la kuvutia kuliko yote katika ukanda huu, nalo lilianzia pwani ya Kenya. Mwaka 2013 wafanyabiashara wadogo wa mtaa wa Bangladesh, Mombasa, pamoja na mchumi Will Ruddick, walianzisha vocha za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa ili waweze kuuziana pale shilingi zinapoadimika. Waliohusika walikamatwa, kisha mashtaka yakaondolewa. Wazo lilikua, likahamia kwenye blokcheni kwa jina la Sarafu, na wakati wa janga la UVIKO-19 lilitumiwa na makumi ya maelfu ya watu, wakiwemo wa Kinango katika Kwale na Mukuru jijini Nairobi, likiungwa mkono na Msalaba Mwekundu wa Kenya. Mtumiaji hakuhitaji simu janja, kwani huduma ilipatikana kwa kupiga namba fupi ya nyota na reli kama ya kununua salio. Muuza maji alipokea tokeni kutoka kwa muuza mboga kwa sababu alijua atazitumia kwa fundi baiskeli, na wote watatu wanafahamiana. Hapa leja haikujaribu kuchukua nafasi ya imani. Iliandika imani iliyokuwepo, ile ya mweria, utaratibu wa Wamijikenda wa kulimiana mashamba kwa zamu, na kuiwezesha kuvuka kutoka kikundi kimoja hadi kingine bila ugomvi wa nani alimlimia nani. Thamani ya kila tokeni ilikuwa ni ahadi ya watu wanaojulikana majumbani mwao, na ilipungua pale ahadi zilipozidi bidhaa zilizokuwepo, somo ambalo benki kuu zinalijua tangu zamani.

Miaka michache baadaye Nairobi ilishuhudia upande wa pili. Mwishoni mwa Julai 2023 maelfu ya watu walipanga foleni katika jumba la KICC ili mboni za macho yao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin, wakiahidiwa tokeni zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Serikali ilisimamisha zoezi hilo tarehe 2 Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru taarifa zilizokusanywa zifutwe. Katika foleni ile tokeni ilikuwa chambo cha kupata kitu chenye thamani kubwa zaidi, na waliopanga hawakuwa wajinga: shilingi 7,000 zilikuwa dhahiri, hatari ilikuwa ya mbali. Tukio hilo pia linadhihirisha mvutano ambao sheria bado haijaumaliza, kwa kuwa Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 humpa mtu haki ya kudai taarifa zake zifutwe katika mazingira fulani, ilhali blokcheni imesifiwa tangu mwanzo kwa kutofutika. Njia inayopendekezwa ni kuziweka taarifa za mtu nje ya leja na kuacha ndani yake hashi pekee. Nayo humrudisha mlaji kwa mtunza daftari wa kawaida, ambaye sasa ndiye anayeshika kilicho muhimu.

Kwa hiyo swali la nani atawajibika linaangukia kwa watunga sheria, na mwenendo wao Afrika Mashariki umekuwa wa kuanza na kukataza, kisha kutoza kodi, kisha kulinda. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo Novemba 2019 la kukataza matumizi ya sarafu mtandao. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ijiandae kwa teknolojia hiyo. Na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali, bila sheria mahususi ya kumlinda anayezinunua. Kenya ilitoza asilimia 3 ya thamani ya muamala kuanzia Septemba 2023, ikaibadilisha mwaka 2025 kuwa ushuru wa asilimia 10 kwenye ada za watoa huduma, na Oktoba mwaka huo ikapata sheria inayowataka watoa huduma hao wawe na leseni, chini ya usimamizi wa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Sheria hiyo ikitekelezwa ipasavyo, mteja wa Nairobi atakuwa na jina na anwani ya kupeleka malalamiko yake dhidi ya kampuni iliyomshikia tokeni. Mwenzake wa Dar es Salaam atakuwa na risiti ya kodi.